Akiba Inayooza: Kulitayarisha Tangi la Mvua kwa Miezi ya Kiangazi

Wahenga walinena kwamba akiba haiozi. Kwa mtama ghalani na kwa fedha benki msemo huo ni wa kweli. Kwa maji ya mvua yaliyowekwa tangini haukubali bila masharti. Maji yaliyofungiwa humo mwezi wa Mei huweza kuwa safi hadi Novemba, au yakawa yameharibika kabla ya Julai, na tofauti hiyo hutokana na kazi chache zinazofanywa kabla msimu haujageuka. Makala haya yanaeleza kazi hizo, sababu zake za kisayansi, na hesabu ambazo mwalimu na wanafunzi wa sekondari wanaweza kuzifanya kwa tangi la shule yao wenyewe.

Mfano umechukuliwa kutoka Lupaso, katika wilaya ya Masasi, na kutoka uwanda wa juu wa Makonde ulio jirani. Lupaso inafahamika na wengi kwa kuwa ndiko alikozaliwa Benjamin William Mkapa, Rais wa Awamu ya Tatu, mwaka 1938, na ndiko alikozikwa mwaka 2020. Kwa mwanafunzi wa sayansi, hata hivyo, eneo hilo lina jambo jingine la kusomwa. Mvua zake ni za msimu mmoja tu kwa mwaka. Huanza mwishoni mwa Novemba au katika Desemba, zikakoma Aprili au Mei. Baada ya hapo hupita zaidi ya nusu mwaka pasipo mvua ya maana. Anayekosa maandalizi hapati msimu wa pili wa kusahihisha kosa lake.

KWA NINI MAJI NI ADIMU UWANDANI

Mgeni apandapo Newala kwa mara ya kwanza huona miti mingi, mikorosho yenye afya na mashamba ya mihogo, kisha hushangaa kuambiwa kwamba maji ni ya shida. Mvua ya huko si haba. Kinachokosekana ni ardhi ya kuizuia. Uwanda wa Makonde umefunikwa kwa tabaka nene la udongo wa kichanga, nao mchanga hupitisha maji upesi. Mvua inyeshapo hudidimia moja kwa moja, ikashuka kina kirefu, na haifanyi mito wala mabwawa juu ya uwanda. Maji hayo hujitokeza tena chini kabisa, kandokando ya miteremko, kama chemchemi. Ndiyo sababu Ndanda, iliyo chini ya uwanda, ina maji mengi. Na ndiyo sababu chemchemi za Mbwinji na visima vya bonde la Kitangari vimekuwa tegemeo la miradi ya maji ya sehemu hizo.

Kwa vizazi vingi kazi ya kuyapandisha maji hayo ilikuwa ya wanawake na watoto. Mwaka 1906 mtaalamu wa Kijerumani, Karl Weule, aliyetembelea Masasi na kukaa Newala, aliandika habari za maji yaliyobebwa kutoka mabondeni hadi vijiji vya juu. Katika miaka ya 1950 ulianzishwa mradi wa kuyasukuma maji hadi uwandani kwa mitambo, na katika miaka ya 1970 serikali ya Finland ilisaidia mipango ya maji ya mikoa ya Mtwara na Lindi. Mitambo imepunguza mzigo, lakini haikuifuta kanuni ya fizikia: kupandisha uzito kunahitaji nishati. Ndoo ya lita 20 ina maji ya kilo 20. Kuipandisha mita 200 kwenda juu kunahitaji kazi ya

20 × 9.8 × 200 = jouli 39,200,

bila kuhesabu uzito wa mbebaji mwenyewe. Mtambo nao hulipia kazi hiyohiyo kwa dizeli au umeme. Maji yaangukayo juu ya paa yamekwisha kupandishwa na jua. Lita moja iliyohifadhiwa vema tangini ni lita moja ambayo hapana mtoto wa shule atakayetumwa kuifuata bondeni saa za masomo.

HESABU YA PAA NA YA TANGI

Kanuni ya kwanza ni rahisi kuikumbuka: mvua ya milimita 1 ikianguka juu ya mita moja ya mraba hutoa lita 1 ya maji. Mwanafunzi anaweza kuihakiki kwa kuzidisha mita 1 kwa mita 1 kwa mita 0.001, akapata mita ya ujazo 0.001, ambayo ni lita moja.

Na ichukuliwe shule yenye jengo la madarasa lililoezekwa kwa bati, urefu mita 20 na upana mita 8. Upana huo hupimwa chini, kutoka ukingo mmoja wa paa hadi mwingine. Mwinamo wa bati hauongezi mvua inayopokewa. Eneo ni mita za mraba 160. Ikiwa mvua ya mwaka ni milimita 900, na ikiwa moja ya tano hupotea kwa kuruka pembeni, kukauka batini na kumwagwa kwa makusudi, paa litatoa:

160 × 900 × 0.8 = lita 115,200.

Sasa na litazamwe tangi. Tangi la mviringo la saruji lina kipenyo cha mita 4 kwa ndani, na kina cha mita 2.4 kutoka mdomo wa bomba la kutolea maji hadi bomba la kumwagia ziada. Ujazo wake ni:

3.14 × 2 × 2 × 2.4 = mita za ujazo 30.1, yaani lita 30,000 na kidogo.

Paa huleta karibu mara nne ya kile ambacho tangi linaweza kukipokea. Hapo pana somo kubwa. Shule nyingi hulalamikia uhaba wa mvua, kumbe kizuizi chao ni ukubwa wa chombo. Na kwa kuwa chombo ni kidogo, kila lita iliyomo ina thamani, nayo inastahili kulindwa.

Kiangazi kikihesabiwa tangu tarehe 15 Mei hadi tarehe 30 Novemba ni siku 200 kamili. Lita 30,000 zikigawanywa kwa siku 200 hutoa lita 150 kwa siku. Kwa shule ya wanafunzi 300 hiyo ni nusu lita kwa kila mmoja. Kiasi hicho hakitoshi kupikia wala kufulia. Chatosha kumpa kila mwanafunzi vikombe viwili vya maji salama wakati wa masomo. Kwa hiyo uamuzi wa kwanza wa uongozi wa shule uwe huu: tangi la mvua ni la kunywa tu, na matumizi mengine yatafutiwe maji ya kisima au ya bomba.

MAADUI WA MAJI YALIYOTULIA

Maji yaliyotulia kwa miezi hushambuliwa na maadui wanne.

Wa kwanza ni uchafu wa paa. Katika miezi ya kiangazi bati hukusanya vumbi, majani, vinyesi vya ndege na popo, na mizoga ya wadudu. Katika nchi ya korosho huongezeka kitu kingine. Kati ya Juni na Septemba wakulima hupuliza salfa ya unga juu ya mikorosho ili kuukinga ugonjwa wa ubwiriunga, na upepo huichukua salfa hiyo hadi juu ya mapaa. Salfa yenyewe haiyeyuki katika maji, lakini wako bakteria wanaoweza kuigeuza kuwa asidi ya salfa palipo na unyevu na hewa. Asidi hiyo hula zinki iliyopakwa juu ya bati. Paa lisilooshwa, kwa hiyo, huharibu maji nalo lenyewe huharibika.

Wa pili ni mwanga. Mwani ni mimea midogo ya majini, na kama mimea mingine huhitaji nuru ili kujitengenezea chakula. Tangi lililo wazi huota ukijani katika majuma machache. Mwani unapokufa huwa chakula cha bakteria, na maji huanza kunuka.

Wa tatu ni wadudu, hasa mbu. Mbu jike hutaga mayai juu ya maji au ukingoni mwake; viluwiluwi huanguliwa, na katika siku 7 hadi 14 huwa mbu kamili. Watu wa pwani walilijua tatizo hili zamani. Katika nyumba za mawe za Lamu samaki wadogo walifugwa ndani ya birika la kuogea ili wale viluwiluwi. Kwa maji ya kunywa ya shule njia iliyo bora ni kumzuia mbu asiingie kabisa.

Wa nne ni joto. Bakteria wengi huzaliana polepole katika maji ya baridi na upesi katika maji ya uvuguvugu. Matangi ya plastiki meusi yaliyowekwa juani hupata joto kuliko yale ya saruji yaliyo kivulini au yaliyochimbiwa ardhini. Kivuli cha paa dogo la nyasi juu ya tangi la plastiki ni dawa isiyogharimu fedha.

Kujua maadui kabla ya kuchagua kinga si jambo la huku peke yake. Katika nchi za baridi kali, kama Finland na sehemu za kaskazini za Marekani, watu huwa na mabeseni makubwa ya kuogea maji ya moto yaliyojengwa nje ya nyumba. Majira ya baridi yanapokaribia mwenye beseni huwa na njia mbili: kulimwaga kabisa na kukausha kila bomba, au kuliacha likiwaka moto muda wote chini ya kifuniko kizito. Maji yanapoganda ujazo wake huongezeka kwa takriban asilimia 9, na nguvu ya kutanuka huko huweza kupasua bomba la chuma. Lupaso hakuna barafu, lakini fikra ni ile ile: chombo cha maji kinachoachwa nje kwa miezi hutayarishwa kwa kumjua adui wa majira yanayokuja, na hutayarishwa kabla adui huyo hajafika.

KAZI ZA KABLA YA MVUA

Wakati mwafaka ni mwezi wa Oktoba na majuma ya kwanza ya Novemba, maji ya mwaka uliopita yanapokuwa yamekaribia kwisha.

1. Kuosha tangi. Maji yaliyosalia humwagiwa miche au hutumiwa kwa kazi za ujenzi. Tope la chini hutolewa kwa koleo na ndoo. Kuta husuguliwa kwa brashi ngumu bila sabuni. Kisha hupakwa mmumunyo wa klorini: gramu 29 za unga wa klorini wenye nguvu ya asilimia 70 katika lita 10 za maji, ambao hutoa mmumunyo wa asilimia 0.2. Baada ya nusu saa kuta husuuzwa na maji hayo hutolewa nje.

Kazi hii ina hatari. Hewa ya ndani ya tangi lililofungwa huweza kuwa na upungufu wa oksijeni, na mvuke wa klorini hudhuru mapafu. Mifuniko yote ifunguliwe tangu siku iliyotangulia. Aingiaye awe mtu mzima, afungwe kamba kiunoni, na wawili wabaki nje wakimtazama. Akizidiwa, avutwe kwa kamba. Asiingie mwingine kumfuata. Pampu ya petroli isiwashwe ndani wala mdomoni mwa tangi, kwa maana moshi wake una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu ambayo huua. Wanafunzi wasitumwe kuingia.

2. Kuziba nyufa. Nyufa hupanuliwa kidogo kwa patasi, hulowanishwa, kisha huzibwa kwa lipu ya saruji na mchanga safi. Lipu hiyo iwekwe unyevu kwa siku 7, kwa sababu saruji hukazana kwa kuungana na maji, si kwa kukauka. Lipu mpya hutoa chokaa katika maji na kuyafanya kuwa ya kialkali. Hilo lina umuhimu wake, kama itakavyoelezwa katika habari ya klorini. Kwa hiyo tangi lililopigwa lipu mpya lisuuzwe mara mbili kabla ya kupokea maji ya kunywa.

3. Kusafisha paa na mifereji. Matawi ya miembe na mikorosho yaliyoinamia paa yakatwe. Mifereji ya bati izolewe majani, nayo iwe na mteremko mdogo kuelekea tangini ili maji yasituame humo.

4. Kuitupa mvua ya kwanza. Hii ndiyo kazi yenye faida kubwa kuliko zote na ndiyo inayosahauliwa zaidi. Kipimo kinachofaa ni lita 1 kwa kila mita ya mraba ya paa. Kwa paa la mfano huo ni lita 160, kiasi kinachoingia katika pipa moja la lita 200. Pipa huunganishwa kwenye bomba la kushukia kabla ya tangi. Maji machafu ya mwanzo hulijaza pipa kwanza. Likijaa, yanayofuata ambayo ni safi hupita kwenda tangini. Chini ya pipa hutobolewa tundu dogo ili litoke maji polepole na kuwa tupu kabla ya mvua nyingine. Mvua mbili au tatu za mwanzo wa msimu, zile zinazoosha salfa na vumbi la miezi sita, zisiingizwe tangini hata kidogo.

5. Kuweka wavu. Kila tundu, pamoja na bomba la kumwagia ziada, lifungwe wavu wenye matundu yasiyozidi milimita 1.

KAZI ZA BAADA YA MVUA

Mvua zinapokoma, tangi likiwa limejaa, kazi hubadilika. Sasa lengo ni kuzuia upotevu na kuyaacha maji yatulie.

Bomba la kuingizia hufungwa. Kifuniko hukazwa mpaka asionekane hata mwali mmoja wa nuru kwa ndani. Kifuniko hicho hufanya kazi nyingine ambayo watu huidharau, nayo ni kuzuia mvuke. Eneo la uso wa maji katika tangi la mfano ni mita za mraba 12.56. Likiachwa wazi, na maji yakipungua kwa milimita 5 kwa siku kwa kugeuka mvuke, upotevu ni karibu lita 63 kila siku. Kwa siku 200 ni lita 12,560, zaidi ya sehemu mbili kwa tano za akiba yote. Shule inayochota lita 150 kwa siku kutoka tangi la wazi itaona sakafu mwanzoni mwa Oktoba, wakati visima vingine navyo vinakauka.

Bomba linalodondosha nalo lisisamehewe. Matone 20 hufanya takriban mililita 1. Tone moja kwa kila sekunde ni matone 86,400 kwa siku, yaani lita 4.32, kwa siku 200 ni lita 864. Hayo ni maji ya kunywa ya shule nzima kwa karibu siku 6. Haba na haba hujaza kibaba, na haba na haba hukikausha vilevile.

Maji yakitulia gizani hujisafisha kwa kiasi fulani. Chembe nzito huzama, na bakteria wengi wa tumboni, wakikosa chakula na joto la mwili, hufa polepole. Kwa sababu hiyo bomba la kutolea huwekwa juu ya sakafu kwa sentimita 10 hivi, ili tope lililotulia lisivurugwe. Mtu asichote kwa ndoo ya kamba kupitia juu. Ndoo iliyokaa chini huingiza vijidudu na kukoroga tope kwa wakati mmoja.

KLORINI: NINI INAFANYA NA NINI HAIWEZI

Kujisafisha huko hakutoshi kuyafanya maji kuwa salama. Ugonjwa wa kipindupindu ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015 na kuenea mikoa mingi uliwakumbusha Watanzania jinsi maji machache machafu yanavyoweza kugharimu maisha ya watu. Ndiyo maana maji ya kunywa hutiwa dawa au huchemshwa.

Unga wa klorini ukiyeyushwa katika maji hutoa asidi ya haipoklorasi. Asidi hii hupenya ukuta wa bakteria na kuvuruga viini vinavyoendesha uhai wake. Mambo matatu hupunguza nguvu yake. La kwanza ni uchafu: klorini haichagui, nayo huungana na tope, majani yaliyooza na mwani kama inavyoungana na bakteria. Ikiisha kwa tope, hapana inayosalia kwa bakteria. La pili ni alkali: katika maji ya kialkali asidi ya haipoklorasi hugeuka kuwa ioni ya haipokloraiti, ambayo ni dhaifu zaidi katika kuua. Hapa ndipo chokaa ya lipu mpya inapoleta madhara. La tatu ni muda: klorini hupungua yenyewe siku hadi siku, na joto na mwanga huharakisha upungufu huo.

Kutokana na hayo inafahamika kwa nini kulitia dawa tangi zima mwezi wa Mei hakuwezi kuyalinda maji hadi Novemba. Njia ya busara ni kutia dawa maji yanayochotwa kwa siku. Kipimo cha miligramu 2 za klorini kwa lita moja huyatosha maji maangavu. Kwa ndoo ya lita 20 zinahitajika miligramu 40. Ukiwapo mmumunyo wa asilimia 1, kila mililita ina miligramu 10. Basi mililita 4 ndizo zinazotakiwa. Mmumunyo huo hutengenezwa kwa gramu 14 za unga wa asilimia 70 katika lita 1 ya maji, nao huwekwa katika chupa ya giza iliyofungwa vizuri, ukafanywa upya kila juma. Maji hukorogwa, hufunikwa, na kusubiriwa nusu saa kabla ya kunywewa.

Somo la klorini linaweza kuonyeshwa maabarani kwa njia nyepesi. Bilauri tatu hutiwa maji ya kiasi sawa: ya kwanza maji safi ya tangi, ya pili maji yaliyokorogwa na udongo mweusi wa shambani, ya tatu maji safi yasiyotiwa dawa. Mbili za kwanza hutiwa klorini kwa kipimo kimoja. Baada ya nusu saa, maji kutoka kila bilauri, yale ya pili yakiwa yamechujwa, hutiwa chembe chache za iodaidi ya potasiamu, tone la siki, na matone ya uji mwepesi uliopoa wa wanga wa muhogo. Klorini iliyosalia hutoa iodini kutoka iodaidi, nayo iodini huugeuza wanga kuwa wa buluu. Bilauri ya kwanza itakuwa ya buluu. Ya tatu haitabadilika. Na ya pili, ikiwa udongo ulikuwa mwingi, itakuwa hafifu au bila rangi. Mwanafunzi ataona kwa macho kwamba tope limekula dawa. Maji ya jaribio hili yamwagwe, wala yasionjwe.

FIMBO YA MIEZI

Kazi ya mwisho ni kupima. Kwa kuwa tangi lina upana sawa kutoka juu hadi chini, kila sentimita ya kina ina lita 125.6. Lita 150 kwa siku ni sentimita 1.2 za kina. Fimbo iliyonyoka na kuoshwa huwekwa alama za kimo cha maji kinachopaswa kubaki juu ya mdomo wa bomba mwisho wa kila mwezi:

Mei 14, tangi limejaa: sentimita 240.0
Mei 31: 219.6
Juni 30: 183.6
Julai 31: 146.4
Agosti 31: 109.2
Septemba 30: 73.2
Oktoba 31: 36.0
Novemba 30: 0

Jioni ya siku ya mwisho ya mwezi kifuniko hufunguliwa na fimbo huteremshwa. Maji yakiwa chini ya alama, shule inatumia kupita kiasi au tangi linavuja. Kujua ni lipi, bomba hufungwa jioni na kimo hupimwa. Kikipungua kufikia asubuhi, ni ufa. Kisipopungua, ni matumizi, na dawa yake ni mazungumzo ya kikao cha shule. Jambo kuu ni kwamba habari hiyo hupatikana Juni, wakati marekebisho ya lita chache kwa siku bado yanatosha. Habari hiyohiyo ikipatikana Oktoba haina tena faida, na wanafunzi hurudishwa bondeni na ndoo zao.

MAZOEZI

1. Pima urefu na upana wa paa la darasa lako. Ikiwa mvua ya mwaka ni milimita 900 na moja ya tano hupotea, paa hilo hutoa lita ngapi?

2. Tangi la mfano lingekuwa na kina cha mita ngapi ili kila mmoja wa wanafunzi 300 apate lita 1 kwa siku kwa siku 200? Je, paa la mita za mraba 160 lingeweza kulijaza?

3. Shule hufungwa kwa siku 40 katika kiangazi, na bomba hufungwa kabisa kwa siku hizo. Tengeneza upya hesabu ya lita kwa siku. Fimbo ya miezi itabadilikaje?

4. Tarehe 31 Julai fimbo yaonyesha sentimita 128.4 badala ya 146.4. Maji yaliyozidi kutumika au kuvuja ni lita ngapi? Shule ipunguze matumizi hadi lita ngapi kwa siku ili yafike Novemba 30?

5. Eleza kwa nini maji ya mvua, ambayo huyeyusha kaboni dayoksaidi ya hewani, huwa na asidi kidogo, na kwa nini asidi hiyo hupungua yakikaa katika tangi la saruji. Thibitisha kwa karatasi ya litmasi.